Mdhibiti Mkuu wa Vielezi

Nchi inayosimuliwa hapa haipakani na yetu wala haifanani nayo, na msomaji atakayedhani ameitambua afahamu kwamba kosa ni la macho yake. Huko watu huongea lugha yao nyumbani, sokoni na msibani, lakini sheria zao zimeandikwa kwa Kiingereza. Si kwamba wamekosa maneno. Mkuu wa nchi hiyo, ambaye huitwa Mlezi wa Taifa, alikwisha kulieleza jambo hilo zamani: sheria ikieleweka huzoeleka, na ikizoeleka hudharauliwa. Wananchi walipiga makofi muda mrefu, kwa kuwa hotuba yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.

Basi katika nchi hiyo aliishi mwalimu mstaafu, Zakaria Lukindo, mgane wa miaka sitini na minne, mwembamba, msafi, shati lake limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule ya msingi. Wako watu wanaopenda ng'ombe na wako wanaopenda siasa. Mwalimu Lukindo alipenda vielezi. Nomino, alikuwa akiwaambia watoto, ni mawe, hukaa ulipoziweka. Vitenzi ni punda, huenda ukivichapa. Lakini kielezi ni mgeni aliyeingia sebuleni hajui aketi wapi, na kazi ya mtu mstaarabu ni kumwonyesha kiti. Neno "always", kwa mfano, hukaa kabla ya kitenzi kikuu na baada ya kitenzi kisaidizi. Mtoto aliyeliweka kwingine alichapwa fimbo moja kwa kila neno lililolitenga na mahali pake. Wengi walimaliza shule hawajui Kiingereza, ila kuhesabu maneno walijua vizuri sana.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na cheti. Cheti kilikuwa na kielezi kilichokaa vibaya. Alikisahihisha kwa wino mwekundu, akakitundika, na kwa miaka minne hakuna mtu aliyekuja kumwuliza chochote.

Kisa kilichomtoa nyumbani kilianzia bombani. Mtaa mmoja wa mji ule ulikuwa umepata bomba la maji, likazinduliwa na Mlezi wa Taifa mwenyewe, ambaye alikata utepe, akafungua koki, akanywa maji ya chupa. Wiki moja baadaye mwanamke aitwaye Mwasiti, muuza uji wa asubuhi, alipanga foleni na ndoo zake mbili. Ilipofika zamu yake bomba likatoa hewa. Mwasiti akasema, "Bomba hili linakohoa tu." Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, akabeba ndoo zake akaenda zake. Watu watatu waliomsikia walikimbilia polisi kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mlangoni, wakapanga foleni upya.

Sheria iliyomhusu ilikuwa ya mstari mmoja: "Any person who insults the Government often shall be jailed." Yaani, mtu yeyote anayeitukana Serikali mara kwa mara atafungwa. Wakili aliyepewa bure na mahakama, ambaye alikuwa ametoka chuoni juzi na tabia ya kusoma ilikuwa haijamtoka, alisimama akasema kwamba "often", hilo la mara kwa mara, ni la kutukana. Mteja wake ametukana mara moja, kama hata kukohoa ni tusi. Basi hana kosa. Mwendesha mashtaka akasema la hasha, neno hilo ni la kufungwa: anayetukana, hata mara moja, atafungwa mara kwa mara. Jaji akaisoma sentensi kwa kimya, kama mtu anayesoma barua ya jirani, akaahirisha kesi mpaka apatikane mtaalamu. Wakili yule hakuonekana tena mahakamani, na hakuna aliyeona haja ya kumwulizia.

Gari lenye bendera lilisimama kwa Mwalimu Lukindo siku ya Jumanne. Lilimpeleka Wizara ya Usemi Sahihi, kwa Katibu Mkuu, Bwana Ngwale, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye kila alipotaka kusema neno zito alifunga macho.

"Karibu, Mwalimu. Tumesikia wewe ndiye unayejua maneno hukaa wapi."

"Najaribu, Mheshimiwa."

Bwana Ngwale akamsogezea karatasi. Mwalimu aliisoma mara moja tu. Jibu alilijua kabla hajavuta pumzi: neno limekaa mwishoni mwa kishazi cha kutukana, kwa hiyo ni la kutukana, na yule mwanamke aende nyumbani. Alijua pia kwamba mwandishi makini angeliweka kabla ya kitenzi, pasitokee ubishi. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu nyekundu.

"Aliyeandika sentensi hii ni nani?" akauliza.

"Mlezi wa Taifa. Kwa mkono wake mwenyewe, siku yake ya kuzaliwa."

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. "Imeandikwa vizuri sana," akasema Mwalimu.

"Tulitumaini utaliona hilo." Bwana Ngwale akafunga macho. "Mwalimu, tuna gereza jipya. Vyumba mia nne, taa za kisasa, na mpaka leo ndani yake mna popo. Taabu yetu ni kwamba wananchi wetu ni waoga. Mtu akitukana, hutukana mara moja, kisha hujuta maisha yake yote. Neno hili ukilipeleka kwenye kutukana, nitamfunga nani?"

"Lakini kanuni, Mheshimiwa..."

"Kanuni tunaiheshimu. Ndiyo maana tunatafuta mtu wa kuilinda. Tumeanzisha cheo kipya, Mdhibiti Mkuu wa Vielezi. Kina ofisi, feni na muhuri."

Feni ilizunguka juu ya kichwa cha Katibu. Mwalimu aliitazama. Kwa miaka minne saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikimsemesha.

"Muhuri ni wa mviringo au wa pembe?" akauliza.

"Wa mviringo."

Siku ya kesi Mwalimu Lukindo alivaa tai. Alisimama kizimbani pa mashahidi, mkabala na Mwasiti, ambaye alikuwa amejitanda khanga na kumsikiliza kwa makini, kama mtu anayeogopa kuulizwa baadaye.

"Kielezi cha Kiingereza," alisema Mwalimu, "ni kama taifa letu, Mheshimiwa Jaji. Hutazama mbele. Hakitazami kilikotoka. Mbele ya neno hili kuna kufungwa. Kwa hiyo ni la kufungwa."

Mahakama nzima ikapumua. Watu waliguna kwa furaha ya kuelezwa jambo gumu kwa maneno mepesi. Hata Mwasiti aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Jaji akaandika, kisha akainua uso.

"Na mara kwa mara ni mara ngapi?"

Hilo Mwalimu hakulitegemea, ila ujuzi ukampanda kichwani kama kileo. Alieleza kwamba Kiingereza kina neno moja la mara moja, "once", na neno moja la mara mbili, "twice". Ikifika ya tatu lugha yenyewe huchoka, na hapo ndipo "often" huanzia. Tatu, basi. Kwa muda gani? Kwa wiki, alisema, maana wiki ni kipimo cha Mungu. Jaji akashukuru. Mwasiti akahukumiwa kufungwa mara tatu kila wiki.

Ikawa hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, Mwasiti alikamatwa nyumbani kwake, mbele ya sufuria la uji, akafikishwa gerezani na kufungwa. Saa kumi na mbili jioni alifunguliwa. Kwa kuwa kila kufungwa kulikuwa kufungwa kamili, hakuna utaratibu uliorukwa. Alipimwa uzito. Alichukuliwa alama za vidole vyote kumi. Alivuliwa nguo, akapewa sare, akanyolewa kichwa. Kinyozi wa gereza alikuwa mtu mpole, na kufikia wiki ya pili hapakuwa na nywele za kunyoa, lakini fomu ilidai "amenyolewa", si "hana nywele", kwa hiyo alipitisha wembe palepale kila mara. Kufikia mwezi wa pili kichwa cha Mwasiti kilikuwa na vidonda ambavyo havikupata muda wa kukauka.

Karani wa gereza alikuwa na kitabu kikubwa chenye safu ya kosa. Safu hiyo ilitakiwa kujazwa kila mfungwa anapoingia, na haikuruhusiwa kuandika "kama hapo juu", kwani mkaguzi mmoja aliwahi kusema huo ni uvivu. Hivyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa karani aliandika upya, kwa tarehe ya siku hiyo, "Ametukana Serikali", na Mwasiti akaweka kidole gumba.

Jioni, kabla ya kufunguliwa, mkuu wa gereza alimsomea nasaha za kuagana na wafungwa. Zilikuwa kurasa nne. Zilimalizika kwa maneno, "Nenda ukajenge taifa, wala tusikuone tena hapa."

"Ahsante, afande," Mwasiti alikuwa akijibu. "Tutaonana keshokutwa."

Mwalimu Lukindo aliyasikia hayo kwa mbali, kama mtu anavyosikia mvua ya mtaa wa pili. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu. Feni ilifanya kazi. Alipokea mafaili ya sentensi za wizara zote, akavihamisha vielezi kwa wino mwekundu na kupiga muhuri, na katika mwezi wa kwanza alivuruga maana ya bajeti mbili na mkataba mmoja wa amani bila mtu kulalamika.

Alhamisi moja mlango uligongwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Mwasiti akaingia, kitambaa kichwani, chupa ya uji mkononi. Akaketi pembeni kabisa ya kiti.

"Ulinifundisha darasa la sita," akasema. "Nilikaa dawati la nyuma, chini ya dirisha lililovunjika."

Mwalimu hakumkumbuka. "Ulikuwa mwanafunzi mzuri?"

"Nilichapwa saba siku moja. Ilikuwa neno 'never'."

"Uliliweka wapi?"

"Mwisho kabisa."

"Basi zilikuwa halali yako," akasema Mwalimu, na wote wawili wakakubaliana kwamba zilikuwa halali yake.

Alikuja kuomba afundishwe. Alitaka kuandika ombi kwa Mlezi wa Taifa, na maombi yalitakiwa yawe ya Kiingereza, kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Ombi lenye kielezi kilichokaa vibaya lilirudishwa, na mwombaji akaongezewa adhabu kwa kumpotezea Mlezi muda.

"Uji huu ni wa ulezi," aliongeza. "Nimeukamulia ndimu. Sina kingine."

Mwalimu angeweza kusema ana kazi nyingi. Alitazama kile kitambaa, mahali palipolowa rangi ya kahawia juu ya sikio, kisha akatazama kwingine. Akasimama, akapanga viti vitatu katika mstari.

"Hiki cha kwanza ni mtenda," akasema. "Hiki ni kitenzi kisaidizi. Hiki ni kitenzi kikuu. Na hiyo chupa yako ya uji ndiyo kielezi. Niambie inakaa wapi."

Mwasiti aliiweka juu ya kiti cha mwisho. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaiweka juu ya cha kwanza. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaiweka chini, sakafuni, kati ya cha pili na cha tatu.

"Hapo," akasema Mwalimu, na moyo wake ukafanya jambo ambalo haukuwa umefanya tangu mkewe afariki.

Tangu hapo alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Alijifunza upesi kuliko mtoto yeyote ambaye Mwalimu aliwahi kumchapa. Alimletea sentensi alizozitunga akiwa kwenye foleni ya kunyolewa: kinyozi huniomba radhi kila mara, mume wangu hachelewi kamwe, uji huungua mara chache. Mwalimu alianza kununua biskuti siku ya Jumatatu ili ziwepo Jumanne. Alisahau, kwa saa nzima nzima, ni nani aliyemweka mwanamke huyu katika foleni ile.

Mwasiti hakuwa amesahau. Alhamisi moja alikifunga kifuniko cha kalamu yake polepole.

"Mwalimu, leo umenifundisha kwamba neno likikaa mwisho wa kishazi ni la kishazi hicho."

"Ndiyo."

"Katika ile sheria, 'often' imekaa mwisho wa kishazi cha kutukana."

Feni ilizunguka.

"Ziko kanuni za darasani," akasema Mwalimu, "na ziko kanuni za mahakamani."

Mwasiti akaandika hayo katika daftari. "Za mahakamani ziko ngapi?"

"Moja."

Akaandika na hiyo pia. Hakuuliza zaidi. Alimaliza biskuti yake, akashukuru, akaenda, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ombi lilikamilika mwezi wa tano. Lilikuwa ukurasa mmoja, na Mwalimu alilipitia mara nne akitafuta kosa, asilione. Mwasiti hakuomba huruma. Aliandika kwamba yeye ni muuza uji, kwamba anaipenda sheria ya nchi yake, na kwamba kwa heshima zote anaomba neno moja lisogezwe maneno matatu kushoto, likae kabla ya kitenzi "insults" kama sarufi inavyotaka, ili mtu asije akadhani Mlezi wa Taifa hajui Kiingereza.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Ombi lilipita meza kumi na moja kwa mwendo wa kukimbia, kwa kuwa hakuna aliyetaka likutwe mezani kwake. Mlezi wa Taifa alilisoma akiwa anakatwa kucha, akaguswa. Raia wa kawaida, alisema, muuza uji, anaweka kielezi mahali pake. Nani tena atasema elimu imeshuka? Akaamuru neno lihamishwe, na lihamishwe kwa sherehe.

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na bendi ya shaba. Neno "often" lilikuwa limechongwa katika mbao na kupakwa dhahabu, na maofisa wawili wa jeshi walilibeba juu ya mto wa mahameli kutoka mahali pake pa zamani hadi mahali pake papya, hatua tatu, huku mizinga ikipigwa kwa kila hatua. Mlezi wa Taifa alihutubia saa mbili na nusu. Alisema kwamba mataifa mengine yamehamisha mito na milima, lakini ni taifa gani limewahi kuhamisha neno bila kumwaga damu. Alisema sheria hiyo mpya itahesabiwa kuwa ndiyo iliyokuwepo tangu siku ya uhuru, maana Serikali haiwezi kuwa ilikosea. Alimtaja Mwasiti kwa jina. Mwasiti alikuwa ameketi mstari wa mbele na mumewe, fundi viatu aitwaye Chande, mtu wa maneno machache. Alikuwa amevaa kitambaa kipya cheupe. Alisimama, akainama, akaketi, na katika kuketi akageuka kumtafuta Mwalimu kwa macho. Akamwona viti vitatu upande wa kulia. Akatabasamu.

Mwalimu Lukindo alikuwa anapiga makofi. Alikuwa katikati ya makofi pale hesabu ilipomjia yenyewe. Sheria sasa inamfunga anayetukana mara kwa mara. Mara kwa mara huanzia tatu. Na gerezani kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna safu, na katika safu hiyo, kwa tarehe mbalimbali, Mwasiti ametukana Serikali mara sitini na moja.

Viti vitatu si mbali. Mtu akiinama kidogo na kunong'ona anasikika. Chande na mkewe wangeweza kuondoka uwanjani wakati bendi inapiga, wakafika mpakani kabla ya jioni. Mwalimu alifungua mdomo. Bwana Ngwale, aliyekuwa nyuma yake, akamwekea mkono begani na kuuliza kwa sauti laini kama kuna tatizo.

"Jua tu," akasema Mwalimu, akaendelea kupiga makofi.

Jumatatu Mwasiti alifika mahakamani mwenyewe, bila kukamatwa, kuchukua karatasi yake ya kuachiwa. Alikuwa amemwambia Chande aweke sufuria jikoni, atarudi kabla uji haujachemka. Jaji alikuwa na kitabu cha gereza mbele yake.

"Umetukana Serikali mara sitini na moja," akasema Jaji.

"Nilisema mara moja, Mheshimiwa. Sitini na moja ni mara nilizofungwa. Kufungwa si kutukana."

"Kitabu hiki ni cha nani?"

"Cha Serikali."

"Hiki ni kidole cha nani?"

"Changu."

"Kwa hiyo unasema kitabu cha Serikali kinasema uongo?"

Mwasiti alikuwa mwanafunzi mzuri, na aliona kwamba jibu la ndiyo lingekuwa la sitini na mbili.

Mdhibiti Mkuu wa Vielezi aliitwa. Aliulizwa swali moja: je, kwa ufafanuzi wake mwenyewe uliomo katika kumbukumbu za mahakama hii, mara sitini na moja ni mara kwa mara? Mwasiti alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wa ofisini, uso wa kungoja aone chupa inawekwa wapi.

Mwalimu alifikiri juu ya kusema kwamba mtu mmoja alisema neno moja bombani. Ni sentensi fupi, haina hata kielezi. Akafikiri juu ya ile saa ya ukutani.

"Ni mara kwa mara, Mheshimiwa," akasema.

Jaji akafungua sheria, akatafuta ni kwa muda gani, asione. Akapindua ukurasa nyuma na mbele. Kisha akatangaza kwamba sheria inasema atafungwa, haisemi atafunguliwa. Mwasiti akachukuliwa kwa mlango wa upande. Kwake Chande uji uliungua.

Wiki tatu baadaye Chande alipanda ghorofa ya tatu, kofia mkononi. Wafungwa wa vifungo visivyo na mwisho walikuwa na kanuni yao, nayo ilisema kwamba "may seldom be visited", yaani waweza kutembelewa kwa nadra. Mkuu wa gereza hakujua nadra ni mara ngapi, akamwelekeza kwa Mdhibiti, kwani yeye ndiye mwenye neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hajambo mwenzako?"

"Nimeletewa salamu na kinyozi. Anasema hajambo. Nywele zimeanza kuota, maana sasa hafungwi tena, amekwisha kufungwa."

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Hilo ni jambo zuri."

Faili lilikuwa mezani. Mwalimu alikuwa ameliandaa tangu asubuhi, na kwa penseli alikuwa ameandika: mara moja kwa mwezi. Alikuwa ameridhika nalo. Alikuwa hata amejiambia kwamba kwa hilo angalau, Mungu akimwuliza, atakuwa na la kujibu. Akachukua kalamu ya wino ili apitishe juu ya penseli.

"Kuna ujumbe wako pia," Chande akasema. "Anaomba siku ya kwanza ya kuonwa uende wewe. Mimi nitakwenda ya pili. Anasema ana swali moja la sarufi."

Kalamu ilisimama. "Hakulitaja?"

"Hapana. Anasema ni dogo. Anasema utalijua."

Mwalimu Lukindo aliiona meza ya gereza, na ng'ambo ya meza uso ule usio na hasira, unaongoja. Akachukua kifutio, akafuta. Akaandika: mara moja kwa mwaka. Akaona mwaka ni kitu kinachofika. Akafuta, akaandika miaka kumi. Alikuwa na sitini na tano sasa, na baba yake alifika themanini na miwili. Akafuta tena, safari hii karatasi ikatoka nyuzi. Akaandika miaka ishirini, kwa Kiingereza, kwa wino, akahakikisha kila neno limekaa mahali pake. Akapiga muhuri. Ulitoka vizuri, mviringo kamili.

Chande aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliitazama juu, akaitazama chini, kama viatu alivyoletewa ambavyo hajui vimeharibika wapi.

"Imeandikwaje, Mwalimu?"

"Kwa nadra. Kama kanuni inavyosema."

"Na nadra ni karibu au ni mbali?"

"Inategemea," akasema Mwalimu, "neno limekaa wapi."

Chande akashukuru sana. Akasema basi hataenda mbali, isije siku ikafika hayupo. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akaketi kwenye benchi la nje, akaweka kofia juu ya goti.